Hazina Ikipunguka, Nani Atangulie Kubeba?

Maswali yaletwayo katika darasa letu aghalabu huwa ya ibada au ya mirathi. Safari hii limekuja la namna nyingine. Mwenzetu mmoja, mfanya biashara wa Mji wa Kale ambaye shughuli zake humpeleka mara kwa mara Karatina na Nyeri, ameuliza hivi: Jee, Serikali ikisema haina fedha, ikapunguza matumizi, ikachelewesha mishahara ya wauguzi, ikawaajiri walimu kwa nusu ya ujira, na ikawarudishia wagonjwa ada zilizokuwa zimeondolewa, imetenda dhulma? Au imetenda lile litendwalo na kila baba wa nyumba pato lake linapopungua? Na wengine waliokuwapo wakanong'ona kwamba mambo ya huko mlimani yatuhusu nini sisi watu wa Pwani.

Na tuanze na mnong'ono huo, kwani jibu lake ni fupi. Tangu mwaka 2013, afya ilipokuwa kazi ya kaunti, zilikuwako hospitali 11 katika nchi yote zilizokuwa zikipewa ruzuku mbali na Serikali kuu, kwa kuwa wagonjwa wake hawatoki katika kaunti moja tu. Ya Nyeri, ambayo zamani ilikuwa hospitali kuu ya Mkoa wa Kati, ilikuwa mojawapo. Na za Embu na Meru kadhalika. Na katika hizo 11 ilikuwamo Hospitali Kuu ya Pwani, hiyo ambayo wazee wetu wa Mombasa hadi leo huiita Makadara. Basi lililoipata ya Nyeri liliipata na yetu, kwa waraka mmoja na kwa siku moja. Anayedhani kwamba baridi ya mlimani haifiki Kilindini, na aende akatazame foleni ya dirisha la dawa.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Mfano wa baba wa nyumba ni mfano upendwao sana na watawala. Mwezi wa Aprili 2024, madaktari walipokuwa katika mgomo, Rais William Ruto aliwaambia kwamba fedha hazipo na kwamba nchi haina budi kuishi kwa kadiri ya uwezo wake. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala hatutaki kuwa miongoni mwa watu wanaosema hazina ya Serikali ni kisima kisichokauka. Mwaka 2024 deni la nchi hii lilipita shilingi trilioni 10. Mtu hawezi kulitazama deni kama hilo kisha akasema upungufu ni hadithi iliyobuniwa na Waziri wa Fedha. Upungufu upo. Lakini kuwapo kwa upungufu ni jambo moja, na kujua nani aanze kuubeba ni jambo jingine, na neno lile la kuishi kwa kadiri ya uwezo hulijibu la kwanza likanyamaza juu ya la pili.

Tena, tuutazame vyema mfano wenyewe. Baba wa nyumba hutumia mali yake. Pato likipungua ni jasho lake lililopungua, na akiwapunguzia watoto amewapunguzia katika kilicho chake. Waziri hana mali ndani ya hazina. Kilichomo kimetoka katika unga wa mama wa Majengo, katika majani ya chai ya mkulima wa Othaya, katika mshahara wa karani. Mfano unaofaa si baba wa nyumba, bali ni msimamizi wa wakf, na sisi watu wa Pwani twaujua wakf kuliko tuwajuavyo mabaraza ya mawaziri. Mtu ameacha maduka matatu, kodi yake iendeshe kisima na chuo cha watoto. Duka moja likakosa mpangaji. Msimamizi afanye nini? Mafakihi hawakumwachia afanye apendavyo: wamesema kwamba kitangulizwacho katika pato la wakf ni matengenezo ya wakf wenyewe, ili asili isiharibike. Msimamizi aliyejilipa posho yake kamili, akanunua kiti kipya cha ofisi yake, kisha akamwambia mwalimu wa chuo angojee mwezi ujao kwa kuwa duka halina mpangaji, mtu huyo hatumwiti mwangalifu wa matumizi. Tunalo jina lake, na kila msomaji alijua.

Hatusemi kwamba kila anayepunguza matumizi ni wa namna hiyo. Twasema tu kwamba hoja ya upungufu haimtoi mtu katika hesabu, bali ndiyo hasa inayomwingiza.

Historia ya jambo hili katika nchi yetu ni ndefu, na vijana wengi hawaijui. Zama za ukoloni, mwaka 1932, Lord Moyne alitumwa na Serikali ya Uingereza kuichunguza hazina ya Kenya, na ripoti yake ikaonyesha kwamba Waafrika walikuwa wakitoa sehemu kubwa ya kodi na kurudishiwa huduma kidogo sana, hali walowezi wakihudumiwa zaidi ya walichotoa. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa katika hospitali za Serikali iliondolewa kwa wagonjwa wasiolazwa na kwa watoto. Miaka ishirini na zaidi ilipita hivyo. Kisha yakaja madeni ya miaka ya 1980, na pamoja nayo masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwezi wa Desemba 1989 ada zikarejeshwa kwa jina la kuchangia gharama.

Lililofuata lapasa kukumbukwa. Katika zahanati moja ya Nairobi iliyokuwa ikitibu maradhi ya zinaa, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na wakati wa ada, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1992. Katika miezi tisa ya malipo, wanaume waliofika kwa mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya kwanza, na wanawake hadi asilimia 65. Wale waliopungua hawakuwa wamepona. Walirudi majumbani kwao na maradhi yao, katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ndio kwanza unaenea. Ada ya wagonjwa wasiolazwa ikasimamishwa mwaka 1990, kisha ikarudi kidogo kidogo kuanzia 1992. Waganda nao walitozana vivyo hivyo hadi mwezi wa Machi 2001, ada zilipoondolewa katika vituo vya Serikali, na mara watu wakamiminika, khasa maskini. Atakaye kujua maana ya ada, asiulize waliokaa kwenye foleni. Awatafute wale ambao hawakuja.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 zamu ya wafanyakazi ikafika. Mpango wa kupunguza watumishi wa Serikali ulianza mwaka 1993, na wa kwanza kuombwa waondoke kwa hiari, kwa kiinua mgongo, walikuwa watu wa daraja za chini, yaani A hadi G: matarishi, wafagiaji, makarani wadogo, walinzi. Maelfu waliondoka. Mwaka 1998 Serikali ikasimamisha kuongeza walimu. Miaka mitano baadaye elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bure, watoto wakafurika madarasani, na idadi ya walimu ikabaki pale pale. Aliyefuta barabara za hospitali akaondoka, na barabara zikafutwa na jamaa za wagonjwa. Mwalimu hakuongezwa, na mzazi akaambiwa achangie mshahara wa mwalimu wa kamati. Gharama haikuondoka duniani. Iliondoka tu katika daftari la Serikali ikaingia katika mfuko wa mwananchi, na katika mfuko huo haina mkaguzi wala ripoti.

Khasa watu wa miji ile ya mlimani walikuwa na haki ya kuona uchungu. Ni watu waliozoea kujijengea. Tangu zama za ukoloni walijenga shule zao wenyewe walipoona za misheni haziwatoshi, na baada ya Uhuru wakajenga kwa harambee. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri leo kilianza mwaka 1972 kama chuo cha ufundi kilichochangiwa na wananchi. Mtu aliyetoa mawe na mbao za jengo, akalipa kodi ya kuliendesha, kisha akatozwa ada ya kuingia, ametozwa mara tatu kwa kitu kimoja. Akinung'unika huambiwa hapendi kujitegemea!

Twaja sasa kwenye sura ya karibu zaidi, na hapa ndipo swali la mwenzetu linapokuwa gumu. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali ilianza jaribio la Huduma ya Afya kwa Wote katika kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa maradhi yasiyoambukiza, kama kisukari na shinikizo la damu. Maradhi haya si kama homa: mtu hatibiwi mara moja akaenda zake. Hutumia dawa kila siku mpaka afe, na akikatiza wiki tatu huenda akapata kiharusi. Basi kwa muda wa jaribio watu wa Nyeri walitibiwa katika hospitali za umma bila ada. Jaribio likaisha, na mgonjwa akarudi kwenye dirisha la malipo au kwenye bima. Na bima yenyewe, mwezi wa Oktoba 2024, ikabadilishwa jina na masharti.

Twauliza: jee, kuna tofauti baina ya kutompa mtu kitu, na kumpa kisha kukiondoa? Yuko atakayesema hapana, kwani wa Nyeri amerudi tu pale alipokuwa wa Murang'a siku zote. Sisi twaona tofauti ipo. Mwenye kisukari aliyeanzishiwa dawa ya bure amepangiwa maisha juu ya ahadi. Huenda aliacha kuweka akiba ya matibabu, akalipa karo ya mtoto. Anayeahidi hujenga ndani ya maisha ya mwenziwe, na akijitoa anabomoa kilichojengwa, hata kama ardhi ilikuwa tupu kabla yake. Ndiyo maana ahadi ni deni katika ada zetu zote, za dini na za kibinadamu. Serikali isiyo na yakini ya mwaka wa pili ilipasa kusema hivyo kwa sauti ile ile iliyotangazia mwaka wa kwanza.

Na kuna jambo lililo gumu zaidi ya hilo, nalo ni punguzo lisilo na mkono. Tumetaja ile ruzuku ya hospitali 11. Kwa miaka kadhaa ilikuwa shilingi bilioni 4.3 kwa mwaka, imewekewa alama ya hospitali hizo wala haiwezi kutumika penginepo. Iliyokuwa kando yake ni milioni 900 za kuzifidia kaunti kwa ada zilizoondolewa katika zahanati na vituo vya afya mwaka 2013. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hizo zilifutwa, na fedha zake zikatiwa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti, ambao ulipanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Serikali kuu yaweza kuapa kwamba haikupunguza hata senti, bali imeongeza. Kaunti nayo yaweza kuapa kwamba haikupokea tena fedha yenye jina la hospitali. Wote wawili wanasema kweli! Na mgonjwa aliyetoka Nyahururu au Kerugoya akaenda Nyeri kwa kuwa ndiko kuliko daktari wa figo, yeye si mpiga kura wa Nyeri, wala hana wa kumwuliza.

Jee, dhulma hiyo ina mwenyewe? Wako wanafalsafa wanaosema kwamba pasipo nia ya mtu hapana dhulma, pana msiba tu, kama mvua na mafuriko. Sisi hatukubali. Mafuriko hayakai kikao wala hayapigi muhuri. Punguzo lililopita katika kamati, likasomwa, likapigiwa kura, lina watu. Isipokuwa wamesimama wengi hata kila mmoja amejificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe. Watu kumi wakibeba jiwe kwa pamoja na kuliangusha juu ya mguu wa mtu, hakuna mmoja wao awezaye kujitetea kwa kusema kwamba peke yake asingaliweza kulinyanyua. Na aliyekuwa na wajibu wa kuuliza, ambaye ni mjumbe wetu, naye ni wa kumi na moja.

Tuwageukie wafanyakazi. Mwezi wa Aprili 2023 mishahara ya watumishi wengi wa Serikali ilichelewa, na mshauri wa Rais katika mambo ya uchumi, David Ndii, akaandika hadharani akiwataka watu wachague kati ya mishahara na kushindwa kulipa madeni. Wengi walimkasirikia. Sisi twamshukuru, kwa kuwa alilisema wazi lile ambalo wengine hulificha: yako madeni ya namna mbili. Deni la mkopeshaji limewekewa ulinzi na Katiba ya 2010, hukatwa katika Mfuko Mkuu kabla ya kitu chochote, pamoja na riba yake. (Juu ya riba hatutasema kitu leo, msomaji wetu ajua tulivyo.) Deni la muuguzi aliyekwisha kukesha usiku thelathini, hilo hungoja. Lakini kwa mizani ya maadili, lipi ni deni zaidi? Mkopeshaji alikopesha akijua huenda asilipwe, na riba yake ndiyo bei ya hofu hiyo. Muuguzi hakutia riba. Amekwisha kutoa kazi yake yote, na haiwezi kurudishwa. Mafundisho yote tuliyolelewa nayo juu ya ujira wa mtenda kazi yanaelekea upande mmoja: usingoje. Hatusemi nchi ivunje mikataba yake, kwani mwenye kuivunja hukopeshwa kwa bei mbaya zaidi mwakani, na atakayeilipa bei hiyo ni yule yule. Twasema kwamba kama lazima mmoja angojee, pasiwe na kanuni ya siri kwamba daima awe aliye dhaifu.

Kanuni hiyo ya siri ni kongwe. Mwezi wa Septemba 1931 Serikali ya Uingereza, kwa hofu ya upungufu wa hazina yake, ilikata mishahara ya watumishi. Katika manowari zilizokuwa zimetia nanga Invergordon, huko Scotland, baharia wa chini aliyekuwa akipata shilingi 4 kwa siku aliambiwa kwamba sasa ni 3, yaani robo nzima imekwenda. Wakubwa wake walikatwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Mabaharia wakakataa kung'oa nanga. Baada ya siku mbili Serikali ikasalimu amri, makato yao yakashushwa yakawa sehemu moja katika kumi. Ajabu ni kwamba siku chache baadaye, tarehe 21 Septemba, Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu, na kuilinda sarafu hiyo ndiyo sababu iliyotolewa ya makato yote. Watu wetu waliozoea mambo ya vyombo watalielewa hili bila tafsiri: dhoruba ikija, mizigo hutupwa baharini, lakini nahodha mwadilifu haanzi na shehena ya abiria wa sitaha na kuliacha la kwake sanduku.

Ya hapa kwetu hayakuwa mbali na hayo. Mapatano ya mwaka 2017 yalimpa daktari wa mafunzo zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikasema haiwezi kumpa zaidi ya 70,000. Madaktari wakagoma tarehe 14 Machi, wakarudi kazini tarehe 8 Mei, siku 56. Walimu wa mafunzo wa shule za sekondari ya chini, wapatao 46,000, walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kabla ya makato kwa kazi ile ile ifanywayo na mwenzao wa kudumu katika chumba cha pili. Nao waligoma, hadi wakapewa kazi za kudumu mwanzoni mwa 2025. Wafanyakazi wa afya walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020, ambao ni zaidi ya elfu saba, walikaa miaka mitano wakitumika katika hospitali za kaunti zote bila masharti ya kudumu, kila mmoja akitajwa kuwa shujaa wa korona, na cheo hicho hakiliwi.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu, kwani darasa letu si chama cha wafanyakazi. Mgomo wa madaktari wa 2016 na 2017 ulidumu siku 100. Wa wauguzi, mwaka huo huo wa 2017, ulikaribia miezi mitano. Katika siku hizo hospitali za umma za Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru, kama za Mombasa, zilikuwa majengo matupu. Mwenye fedha alikwenda Hospitali ya Consolata kule Mathari, na asiye nazo alikaa kitandani pake. Jee, inajuzu mtu kudai haki yake kwa kumweka mgonjwa kati? Mgonjwa hakumdhulumu muuguzi. Wako katika sisi waliosema kwamba haijuzu kabisa, na kwamba anayeshika uhai wa mtu hana ruhusa ya kuuweka chini kwa sababu ya shilingi. Wengine wakasema kwamba akatazwaye kugoma kwa kuwa kazi yake ni tukufu mno hulipwa kwa utukufu maisha yake yote, na watoto wake hawali utukufu.

Sisi twaelekea kwenye rai hii: wajibu wa muuguzi kwa mgonjwa ni wa kweli, wala haufutwi na kosa la mwajiri. Asimwache aliye katika hatari ya kufa, mzazi aliye katika uchungu, mtoto mwenye homa kali. Lakini wajibu huo haukutengenezwa ili mwajiri aufanye kamba ya kumfungia. Anayejua kwamba mwenziwe hawezi kuondoka kwa sababu ya huruma yake, kisha akaipunja huruma hiyo mwezi baada ya mwezi, ndiye aliyemweka mgonjwa kati, naye alimweka kabla mgomo haujatangazwa. Kosa la mgomaji likiwapo huonekana siku moja, na magazeti hulipiga picha. Kosa la mwajiri lilitendwa polepole, katika waraka, wala hapana mpiga picha aliyefika.

Iko pia hoja ya wafanya biashara, na mwenzetu aliyeuliza swali ataipenda. Ibn Khaldun, katika utangulizi wake mashuhuri alioutunga mwaka 1377, alieleza kwamba dola ndiyo soko kubwa kuliko masoko yote, na kwamba mtawala akizuia matumizi, wale waliozoea kupokea kutoka kwake hupungukiwa, na wauzao kwao hupungukiwa kwa sababu ya hao, hata kodi yenyewe ikashuka. Karatina ni mji wa soko, tena soko kubwa. Mshahara wa mwalimu na wa muuguzi usipofika tarehe 30, mwenye duka la nguo hujua tarehe 2, muuza viazi hujua tarehe 5, na mwenye matatu ya kwenda Nyeri hujua kabla ya wiki kwisha. Mwezi unaofuata mkusanya kodi huja, akashangaa mbona pato limepungua. Sisi twataka hoja hii itumiwe kwa tahadhari, maana yaweza kumfanya mtu aone kwamba mshahara ni mzuri kwa kuwa unamfaa muuza viazi. Ni haki ya mwalimu hata kama angaliufukia chini ya mwembe.

Baadhi ya wenzetu walitoa mfano wa Mwaka wa Majivu, mwaka wa 18 wa Hijra, ukame ulipoipata Hijazi, na Sayyidna Umar akajizuia samli na nyama mpaka watu wapate, tena akachelewesha kukusanya zaka mwaka ule. Mfano huo hutajwa sana hapa kwetu, na aghalabu hutajwa kama sifa ya ucha Mungu wa mtu mmoja. Twaona una fundisho la hazina pia. Samli ya khalifa mmoja haikuweza kulisha Hijazi. Hesabu yake ni ndogo mno. Lililokuwa kubwa ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hajui njaa ni nini, na neno lake la kuwataka watu wasubiri likawa na uzito. Upungufu ulioanzia juu huvumilika, kwa sababu anayeuamuru ameshauonja.

Kwa mizani hiyo tuyatazame ya mwaka 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kuongeza kodi ya shilingi bilioni 346. Vijana wakaingia barabarani, Nairobi na Mombasa, na hata Nyeri, Nanyuki na Embu, miji iliyompa Rais kura zake kwa wingi mwaka 2022. Tarehe 25 Juni damu ikamwagika, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Tarehe 5 Julai akatangaza kupunguza matumizi kwa bilioni 177, na kukopa bilioni 169. Na miongoni mwa aliyoyataja yalikuwa ni kuvunja mashirika 47 ya umma, kupunguza washauri kwa nusu, na kuondoa fedha za ofisi za wake wa wakubwa. Haya ni mambo mema, na mtu mwadilifu ayakiri. Lakini yalikujaje? Yalikuja baada ya mazishi. Mwezi mmoja kabla yake washauri wale na ofisi zile zilikuwa ni lazima zisizoepukika, na daktari wa mafunzo ndiye aliyekuwa anasa. Na mgao wa kaunti, ambao ndio ununuao dawa za Nyeri na za Makadara, uliokuwa umekubaliwa kuwa bilioni 400, ukashushwa hadi 380, kisha baada ya mabishano ukawa bilioni 387.

Basi jibu letu kwa mwenzetu ni kwamba kupunguza matumizi si dhulma kwa dhati yake, na Serikali isiyojua kupunguza itakuja kupunguziwa na wageni. Dhulma huingia katika mpango wa kutangulia: anapoanza asiyeweza kujitetea, linapovunjwa agano ambalo mtu amekwisha kulijengea maisha, na inapofichwa hesabu hata mwenye kudhulumiwa asijue wa kumshitaki. Haya ya mwisho yako mkononi mwetu zaidi kuliko tunavyodhani. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, kila kaunti hupeleka mpango wake wa matumizi katika Bunge la Kaunti si baada ya tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe si baada ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Ndani ya karatasi hizo huandikwa fungu la hospitali, fungu la mishahara ya wauguzi, na fungu la safari na mapokezi ya wageni, kila moja katika ukurasa wake. Mwenzetu ameahidi kutuletea ya Nyeri atakaporudi. Ya Mombasa wawili kati yetu wamekubali kuitafuta, na tutazisoma pamoja darasani, usiku wa Ijumaa baada ya sala ya Isha, fungu kwa fungu.